Sifa za Ukoo wa Maji

Muchaneta alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Jumamosi roho yake ingeletwa nyumbani. Pombe ilikwisha kutiwa kwenye mitungi, na mumewe, Mzee Chakanetsa, fundi mwashi wa pale Gutu, hakuwa na maneno ya kumwitia. Marehemu haletwi nyumbani kwa jina tupu. Anaitwa kwa sifa za ukoo wake, mstari kwa mstari. Muchaneta alikuwa wa ukoo wa Maji. Kaka yake aliyezijua sifa hizo alitangulia kufa, na waliobaki walizijua nusunusu tu.

"Utamwitaje?" Gondo alimuuliza. Gondo alikuwa mtani wa ukoo, na kwa mtani msiba si sababu ya kumhurumia mtu. "Utasema, 'Wewe, chakula tayari?'"

"Nyamaza, Gondo."

"Mimi ninyamaze, halafu Jumamosi aseme nani? Wewe?"

Gondo ndiye aliyemkokota hadi sokoni, kwenye kibanda cha mtandao cha Sarudzai. Zamu yao ilipofika, mzee aliinama akanong'ona kama mtu anayenunua dawa ya ugonjwa wa aibu.

"Mwanangu, nataka sifa za ukoo. Za mke wangu."

Sarudzai akaanza kuandika. Hajafika popote, mashine ikamalizia yenyewe. Akamsomea yaliyotokea: sifa za ukoo wa mke wangu. Chini yake: sifa za ukoo wa mama yangu marehemu. Chini zaidi: mimi ni wa ukoo gani.

Mzee akarudi nyuma. "Nani kaiambia?"

"Hakuna, babu. Inabahatisha kwa yale wanayouliza wengine."

"Wengine gani?"

"Watu wote. Nilipofungua hapa, nilikuwa nikigusa herufi tu inanimalizia njia ya kwenda Johannesburg. Baadaye ikawa bei ya mkate, maana asubuhi ilikuwa hii na jioni nyingine. Siku hizi ni koo. Walewale waliokwenda Johannesburg ndio wanauliza wao ni akina nani."

Mzee akageuka kuitazama foleni. Mwalimu mmoja mwenye tai akaangalia viatu vyake. Chakanetsa alikuwa akidhani aibu hii ni ya nyumba yake peke yake.

"Rekodi hii ndiyo inayosikilizwa kuliko zote," Sarudzai alisema, akabonyeza.

Kilianza kikohozi kifupi cha mwanamke. Chakanetsa akaishika meza kwa mikono miwili.

"Asante, Nyani," sauti ikasema. "Mpanda majabali. Uliyeingia shambani kwa watu ukatoka umeshiba."

"Huyu ni Muchaneta," mzee alisema.

Kidole cha Sarudzai kikaganda juu ya kibonyezo. Gondo akasogeza sikio karibu na mashine. Sauti ilitoka kwenye harusi ya mpwa wao. Mtu alimrekodi Muchaneta akimshukuru mumewe kwa nyama, akimtajia sifa za ukoo wake wa Nyani, kama alivyomshukuru miaka yote.

"Wamemsikia wangapi?"

"Wa kujaza uwanja wa mpira, babu, na wengine wakabaki nje."

Mzee alikaa kitako. Watu asiowajua walikuwa wakijifunza kwa mkewe, na yeye aliyeishi naye nyumba moja hakuwa na habari.

"Lakini hizo za Nyani ni zangu mimi," alisema. "Zake ziko wapi?"

"Subiri. Haijaisha."

Ndani ya mashine msichana aliuliza, "Na wewe, shangazi, mume wako anakushukuruje?"

Muchaneta akacheka. "Huyu? Huyu huitika tu 'eeh.' Basi leo nitajishukuru mwenyewe."

Foleni ikaangua kicheko, kisha ikamkumbuka aliyekaa pale mbele.

"Asante, Maji," Muchaneta akasema. "Uliyetulia juu, na chini una mamba. Unayemnywesha hata asiyekusalimu."

Zikafuata sifa nyingine, mpaka mwisho. Sarudzai akavuta karatasi aandike.

"Acha," mzee alisema. "Kusoma sijui. Irudishe."

Akairudisha. Mzee akafuata nyuma ya sauti ya mkewe, taratibu. "Asante, Maji." Mwalimu naye midomo ikawa inacheza. "Uliyetulia juu, na chini una mamba." Mstari wa tatu aliukatia njiani, pale pa asiyekusalimu.

Gondo alimwekea mkono begani. Hakumtania.

"Tena," mzee alisema, na Sarudzai akairudisha.