Seli Zinagawanyika

Juzi nilimkuta binti yangu akichora seli daftarini: kiini katikati, utando pembeni, kisha seli moja ikawa mbili. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Mweiga. Maziwa yalikuwa yamefurikia makaa, nyumba nzima ikinuka, na mama alikuwa amelala kwenye kochi, shali shingoni.

Shangazi, aliyempeleka hospitali Nyeri, alikuwa akimnong'onezea baba. "Daktari amesema ati seli za huo uvimbe zinagawanyika haraka sana."

Asubuhi hiyo mwalimu alikuwa ametufunza kugawanya, na kila jibu lilitoka dogo kuliko namba ya kwanza. Nilimkimbilia mama.

"Mami, utapona! Zinagawanyika, zitaisha!"

Baba alitoka nje. Mama alinivuta kifuani, akinuka dawa, akasema taratibu, "Umesoma vizuri, mtoto wangu."

Sikujua kwamba seli ikigawanyika huongezeka. Wiki nzima niliwapelekea majirani habari hiyo njema, nikifurahi kweli, na hakuna aliyenisahihisha. Tulimzika kabla viazi vya msimu ule havijachimbwa.