Mvua ya Shangazi

Juzi Jumamosi nilitolewa nyumbani kwangu kwa nguvu. Wanaonijua wanajua kwamba nikishafunga mlango wangu Ijumaa jioni, hata harufu ya nyama choma hainitoi kirahisi. Lakini binti ya kaka yangu alikuwa anaolewa, na mtoto wa kaka ukimkosea siku yake ya harusi atakukumbusha mpaka uzeeni. Basi nikavaa viatu vinavyobana, nikaenda.

Nilimkuta anasukwa nywele, simu mkononi, macho yamemtoka.

"Anti, simu inasema itanyesha saa tisa."

"Simu yako imekuambia jambo ambalo kila kuku wa Kakamega analijua," nikamjibu.

"Anti, usicheke! Tumekodi tenti ya vitambaa."

"Kwani wewe ulikuwa unakulanga kwa sufuria?"

Alinitazama, akamtazama msusi. "Sasa sufuria na mvua zinaingiliana wapi?"

Hapo ndipo nilipojua nimezeeka. Mtoto amekulia Kakamega mjini, amesoma, anaolewa, na hajawahi kutishwa kwa sufuria! Kwa hiyo, rafiki yangu, kama nawe hukutishwa, kaa hapa nikueleze.

Kwa nyanya yangu, kwenye kilima kilicho ng'ambo ya barabara ya Malava, kulikuwa na amri kumi za kanisani na moja ya jikoni. Hiyo ya jikoni nyanya aliitangaza kila jioni akisonga obusuma, ugali wetu, jasho likimtiririka puani: "Anayekula kwa sufuria, mvua itamnyeshea siku ya harusi yake." Zile kumi tulizikariri. Hii tuliiogopa.

Lakini wewe unaujua ukoko? Sisemi ule mweupe, laini. Nasema ule uliokauka ukajitenga na sufuria, ukakunjika pembeni kama karatasi, wenye harufu ya moshi na mahindi ya kuchoma. Shangazi yangu, kitinda mimba wa nyanya, ndiye aliyeosha vyombo, nami nilikuwa msaidizi wake. Usaidizi wenyewe ulikuwa hivi: tunabeba sufuria mpaka nyuma ya ghala, tunachuchumaa, tunakwangua. Kijiko kimoja, zamu kwa zamu. Shangazi alikuwa akininong'oneza, "Kula haraka. Mvua haina masikio."

Nilimwamini. Nilikuwa na miaka tisa, na yeye ndiye mtu mkubwa pekee aliyenigawia kitu nusu kwa nusu.

Kisha akaposwa. Bwana harusi alitoka Likuyani, kijana mpole wa wakulima wa mahindi, anayesalimia mpaka watoto. Baba yake ndiye aliyekuwa mtihani. Mzee mrefu, kofia haimtoki, maneno yake machache kama mvua ya Januari. Siku ya kwanza waliyokuja kumchukua bibi harusi, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sasa, kufika kwa nyanya kulikuwa na mteremko mmoja wa udongo mwekundu ambao ukilowa, hata ng'ombe anaomba kushikwa mkono. Lori la wakwe lilipanda nusu, likateleza, likaingia mtaroni. Mzee alikaa ndani saa nzima. Alipotoka, matope yalimfika magotini. Akatazama juu kwetu, akasema, "Nyumba inayokataa kufikiwa ina sababu zake." Wakageuza, wakarudi Likuyani.

Ilichukua miezi ya wazee kwenda na kurudi ndipo siku nyingine ikapatikana. Mzee akatuma neno: watakuja mara moja tu. Gari likikwama tena, watajua Mungu amesema, na kijana atatafutiwa kwingine.

Utauliza, kwa nini bibi harusi asishuke tu hadi chini, angoje barabarani? Kuna mjomba mmoja alijaribu kulisema hilo. Nyanya alimjibu bila kuinua macho kwenye mboga: "Binti yangu si debe la mahindi, nikalipange barabarani kungoja mnunuzi." Mambo yakaisha hapo. Kwetu bibi harusi huchukuliwa mlangoni kwa mamake.

Basi harusi ilitegemea mteremko, na mteremko ulitegemea mvua. Mvua ilitegemea nini, ni watu wawili tu waliojua, na mmoja alikuwa mimi.

Ijumaa boma lilijaa. Mashangazi wengine walifika na watoto migongoni na kuku kwapani. Wanawake walikanda samadi na majivu, wakasiriba sakafu na kuta kwa viganja, wakiacha michoro ya mawimbi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wengine walichambua mchele juu ya ungo, vinywa vikichambua watu. Wanaume wote waliwekwa kwenye mteremko. Walichimba mitaro, wakatandaza makapi na majani makavu ya miwa kutoka juu hadi chini, tabaka kwa tabaka, kama wanaotandikia kitanda. Sisi watoto tulibeba mawe kutoka mtoni. Kila jiwe nililoweka nililisemea neno la kumwomba Mungu. Nadhani siku hiyo nilimchosha.

Saa kumi ikanyesha.

Tulijibana jikoni, mabati yakinguruma juu yetu. Nyanya alikunja midomo. Nilimtazama shangazi, naye akanitazama, kisha akatazama masufuria yaliyoinamishwa ukutani. Kumbe hata yeye aliiogopa!

Mvua ilipokatika nilienda kwa jirani aliyekuja kupika. Mtu huyu alipikia mikutano, matanga na harusi zote za kilima kile, na hakuna sufuria iliyowahi kumshinda. Alikuwa anapasua kuni kibandani.

"Mzee," nikasema, "mtu akiwa amekula kwa sufuria, na anaolewa kesho, kuna dawa?"

Aliweka shoka chini. "Huyo mtu ni nani?"

"Ni mtu tu."

"Amekula mara ngapi, huyo mtu tu?"

Nilifikiri. "Kama... kila siku."

"Haiya! Mama, hiyo si mvua tena, hiyo ni ya Nuhu." Alijikuna kidevu, uso mkavu kabisa. "Dawa iko. Mtu mwingine akule ukoko wa sufuria ya harusi yenyewe, kabla bibi harusi hajatoka. Hapo mvua inamhamia huyo mwingine. Lakini amalize yote. Akibakisha hata kidogo, hiyo kidogo itanyesha."

Sasa ninapokumbuka uso ule, najua alikuwa akinitania. Lakini mtoto wa miaka tisa mwenye hatia hasikii utani. Anasikia maagizo.

Jumamosi sufuria kubwa iliinjikwa kukiwa bado na umande. Sufuria ile, ndugu yangu, ningeweza kulala ndani nikakunjua miguu. Wali ulichemka, kuku wakakaangwa, chai ikawa tayari. Wakwe walisema saa tatu. Saa tatu ikapita. Saa nne, wanawake walikuwa bado wanaimba kwa nguvu. Saa tano, waliimba kwa adabu. Saa sita, upande wa Nandi, wingu likainuka, jeusi chini, na upepo ukageuka ukatuletea harufu ya udongo uliolowa kwingine. Mjomba mmoja alikuwa akitoka kila dakika kutazama juu, akirudi ndani. Shangazi alikuwa ameketishwa sebuleni, gauni jeupe limejaza kiti, glavu nyeupe mikononi. Nilichungulia dirishani. Hakuwa analia. Alikuwa akitazama mlango kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali.

Mpishi akapakua wali kwenye mabeseni, akaufunika kwa majani ya mgomba, akaenda kuangalia chai. Sufuria ikabaki peke yake kwenye mafiga, moto umezimwa, imeshapoa.

Niliingia mzima mzima, miguu tu ikabaki nje.

Ukoko wa juu ulikuwa na rangi ya dhahabu, umelowa mafuta, mtamu. Nilifikiri, kumbe kuokoa ndoa ni kazi nzuri! Tabaka la pili lilikuwa kahawia na gumu. La tatu lilikuwa makaa. Nimesoma hadi kidato cha nne, na hakuna mtihani nilioufanya kwa bidii kama ule. Radi ilipiga, nikakwangua. Tumbo lilikaza kama ngoma, nikakwangua. Mdomo ulikauka, machozi yakanitoka, nikayatumia kulainisha.

Ndipo nikasikia honi, mbali, chini ya mteremko.

Boma zima lilikimbia. Matone matatu yaliniangukia miguuni, mazito, ya baridi. Kulikuwa na kipande kilichobaki, ukubwa wa kiganja, kimegandia kwenye kona kama kilichomea hapo. Nje injini ilinguruma, ikapanda sauti, ikanyamaza. Niling'oa kile kipande kwa kucha, nikakimeza bila kutafuna.

Injini ikawaka tena. Ikalia, ikalia. Kisha vigelegele, mpaka sufuria yenyewe ikaitikia kwa mwangwi.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa. Wanasema mvua ilisimama mtoni, kama ng'ombe aliyefika kwenye ua. Ikaonekana ng'ambo, nyeupe, ikitembea juu ya miwa ya watu wengine, na kwetu isivuke. Wanasema mzee wa Likuyani alishuka, akatazama viatu vyake, akatazama majani ya miwa aliyoyakanyaga toka chini hadi juu, akavua kofia. Hakuna aliyewahi kumwona akivua kofia. Akamwambia nyanya, "Leo nyumba imekubali."

Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni, kwenye majani ya ng'ombe, nikirudisha ardhini kila kitu nilichokula. Niliposikia nyimbo za kumtoa bibi harusi zimeanza nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilifanya yote yale, na sasa angeondoka bila mimi kumwona.

Kisha nikasikia gauni linakwaruza majani.

"Wewe! Nimekutafuta boma zima. Nani amekupaka masizi hivyo?"

Nikamwambia. Sufuria, dawa, wingu, yote. Alianza kucheka, akaacha katikati.

"Umekula yote?"

"Yote."

"Hata ile nyeusi?"

"Hata ile nyeusi."

Aliinama, akanipangusa uso kwa glavu yake nyeupe, taratibu, mashavu na kidevu, mpaka glavu ikawa kama kitambaa cha jiko. Nyanya alikuwa anamwita mpaka sauti inakatika.

"Sikia," akasema. "Hiyo mvua ni yangu. Umenibebea tu. Siku yako ikifika nitakuja kuichukua."

Akaenda. Picha ya harusi ile ninayo mpaka leo. Kila anayeiona huuliza kwa nini bibi harusi ameficha mkono mmoja nyuma ya maua.

Jioni ile mpishi alisimama juu ya sufuria yake muda mrefu. "Nani amenioshea hii?" akauliza.

Sasa turudi juzi. Saa tisa kamili ikanyesha, kama simu ilivyosema na kama kuku walivyojua. Na unajua kilichotokea? Hakuna kitu. Harusi ilifanywa pale pale kwa nyanya, na mteremko una lami siku hizi. Magari yalipanda yakipishana. Mwenye muziki aliongeza sauti. Chakula kililetwa na vijana wenye fulana zinazofanana, kwenye vyombo vinavyong'aa, na walipomaliza wakavibeba vyote wakaondoka navyo. Mpwa wangu hata nywele hazikulowa. Sisemi zamani kulikuwa bora. Mteremko ule ulivunja watu viuno. Nasema tu kwamba sikuona mtu yeyote aliyebeba jiwe.

Shangazi alikuwepo. Ni mjane sasa, kijana wake mpole alimtangulia, na magoti yake hayataki ngazi. Alijisogeza na kiti chake cha plastiki mpaka kikagusa changu.

"Mvua yangu bado unayo?" akaniuliza.

"Bado ninayo, shangazi. Imeanza kuota mvi."

"Na hakuna mtu wa kukuoa, nije niichukue?"

"Mimi? Nani atanipata, na sitokangi nje?"

Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Kisha akaniinamia sikioni. "Huu wali wao hauna kitu chini. Kwako kuna unga?"

Tulitoroka kabla keki haijakatwa. Nilisonga obusuma kwa kuni, si kwa gesi, naye akakaa kwenye kigoda akinikosoa mkono. Tulipomaliza kula niliweka sufuria sakafuni katikati yetu, nikatafuta vijiko, kimoja nikakirudisha.

Mvua ilipiga mabati vilevile. Tulikwangua polepole, zamu kwa zamu. Hakukuwa tena na mtu wa kutukataza.