Kopo la Mvua na Samadi ya Shangazi

Miaka ile ya hamsini nilimaliza shule ya usiku Tanga mjini, nikarudi Mwera nikiamini hakuna kitu duniani kisichogawanyika kwa saba. Shangazi yangu alilima mahindi mteremkoni. Masika iliyotangulia alimwaga samadi, kesho yake mvua ikaizoa yote mpaka kwenye mpunga wa jirani yake wa bondeni. Mpunga ukanenepa, ndege wakatua juu yake kama wanatua minazini.

"Ahsante kwa mbolea, dada," jirani alimwambia kila wakikutana kisimani. "Na mwakani usinisahau."

Shangazi hakucheka. Samadi aliibeba kichwani kutoka zizi la mbali, na mahindi yalitoka membamba kama njiti. Ikipotea tena, hana cha kuvuna.

"Niachie mimi," nikasema. "Nitakwambia siku ya kumwaga."

Nilikuwa nimetega kopo la samli uani tangu vuli. Kila asubuhi napima maji kwa rula, naandika daftarini, natafuta mvua zinafuatanaje. Ikaingia kaskazi. Mbingu nyeupe, ardhi kavu, kopo lina maji vidole viwili! Mwingine angejiuliza. Mimi nilikuwa na cheti. Nikaamua kuwa inanyesha alfajiri, kimyakimya.

"Usimwage, shangazi. Hesabu zinakataa."

Nilipomkataza mara ya tatu, akaweka ndoo chini.

"Baba, maji hayo natia mimi."

"Wewe?"

"Nakuona unachungulia kopo tupu, uso umekunjamana kama umefiwa. Nikakuonea huruma."

Nikafuta kurasa nzima, karatasi ikatoboka. Zilizobaki, za vuli, zilisema jambo moja: kila mvua kubwa ilifuatwa na siku tatu nne za manyunyu. Basi tungoje ya kwanza ipite, tumwage, tufukie upesi.

Masika ikapiga. Jirani akapita akicheka kwamba tumechelewa. Tukamwaga, tukafukia siku tatu, migongo ikawa pinde. Kisha ikaja mvua ya kuzamisha tembo aliyesimama. Ilipokatika tukakimbilia mteremkoni. Samadi ilikuwa palepale chini ya udongo, na jirani kasimama bondeni, mikono kiunoni.

"Dada, mwaka huu hujaniletea?"

"Muulize mwenye kopo," shangazi akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake jirani alikuja na kopo lake, akauliza linategwa wapi.

"Popote," nikamwambia, "ila mbali na shangazi."