Mlolongo wa Mama Uko Shambani

Mwalimu mkuu alipotangaza kwamba uchaguzi wa mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule hautafanywa tena siku ya kufunga shule, bali katikati ya muhula, siku ya kazi, wenzangu walifurahi kwamba tutakosa kipindi cha hesabu. Mimi sikufurahi. Mama yangu alikuwa anawania.

Siku ya kufunga wazazi wa kwetu Kasigau huja wote, kuchukua ripoti na kutubebea masanduku. Lakini katikati ya muhula huu mahindi yanakuwa yamekomaa, na ndovu wanajua. Watu wanakesha mashambani wakipiga mabati. Nani angekuja shuleni Voi?

Na Mama hakutaka kiti kwa ajili ya kiti. Alitaka jambo moja: siku ya kufunga tuachiliwe asubuhi. Huwa tunatoka baada ya chakula cha mchana, barabara ni mbovu, na tukishuka kwenye gari giza limeshaingia na bado tunatembea. Muhula uliopita nilisimama njiani na sanduku kichwani nikisikia matawi yakivunjika. Nililia. Sijamwambia mtu.

Siku ya uchaguzi zamu ya kugawa maji ukumbini ilikuwa yangu. Kwetu wazazi hawapigi kura kwa karatasi. Wagombea wanasimama mbele, na kila mzazi anapanga foleni nyuma ya anayemtaka. Nyuma ya mpinzani wa Mama, mwenye duka la mabati na saruji hapo mjini, mlolongo ulifika mlangoni. Nyuma ya Mama alisimama jirani yetu peke yake, macho mekundu kwa kukesha.

"Si huyo ni mathe wako?" mwenzangu wa zamu akaninong'oneza. "Mbona yuko solo?"

"Wako wawili," nikasema, nikajaza kikombe kingine.

Mwalimu mkuu hakuchukua muda kuhesabu. "Asante, Mama. Unaweza kukaa sasa."

Mama hakukaa. "Mwalimu, mlolongo wangu uko shambani unafukuza ndovu. Mngetuachia uchaguzi siku ya kufunga mngeuona."

Watu wakacheka. Nilitamani kujificha chini ya meza.

"Chekeni," jirani akasema. "Jana wamenimalizia mpaka maboga."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu akasema hilo la tarehe litafikiriwa, kisha akamtangaza mwenye duka.

Nje, mwenye duka alimfuata Mama. "Sasa Mama, shida yenu hasa ni gani?"

"Watoto watoke asubuhi."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Wewe ukifunga duka unaenda nyumbani kwa taa za barabarani."

Akaangalia viatu vyake. "Nitalisema kwenye bodi."

Bodi ilikaa wiki jana. Kesho tunafunga, na hakuna aliyetuambia saa ya kutoka. Mama amepiga simu kwa matroni: nipange sanduku mapema, hata kama sijasikia lolote. Nimelipanga, nimelikalia. Kila mwalimu akipita mlangoni pa bweni namtazama mikononi, nione kama amebeba tangazo.