Mama Luhaga Anaosha Vigae

Mimi ndiye niliyempeleka, kwa hiyo anayetaka kulaumu anilaumu mimi, Hellen, mpishi wa watafiti. Daktari Winnie Otuoma alikuja na wanafunzi wanne kuchimba ng'ambo, upande wa Kamanga, mahali ambapo watu wa kale walikaa kando ya ziwa, wakavua, wakafinyanga na kuyeyusha chuma. Vigae vya vyungu vyao vilikuwa vinatoka ardhini kwa ndoo. Akaniuliza kama namjua mtu mwenye mkono wa kuosha. Nikacheka. Mabatini ninakoishi nimepakana ukuta mmoja na Evelina Chenge, mama yake Luhaga.

Huyu mama ana miaka hamsini na nane, na sijawahi kuona sufuria yake ikiwa na masizi. Anasugua kwa majivu na mchanga, nje na ndani, mpaka mfuniko unakuonyesha sura yako na kasoro zake zote. Ukimwazima sufuria anairudisha inang'aa kuliko ulivyoinunua, na unabaki hujui kama umeshukuriwa au umetukanwa. Mumewe alipofariki, aliwalea watoto watatu kwa kuosha vyombo vya harusi na misiba. Mabinti wa mtaani wakikaribia kuolewa hupelekwa kwake wiki nzima, na wengine hurudi wanalia.

Jumatatu tukavuka na feri ya asubuhi. Daktari, ambaye kiumri ni binti yake, akamwamkia shikamoo, akampa beseni, mswaki na ndoo mbili za vigae.

"Mama, vioshe taratibu, udongo utoke," akasema. Kisha akaitwa shimoni, ambako wanafunzi walikuwa wamefikia mavi ya chuma, yale mabonge yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Ukitaka kuona watu wazima waliosoma wakishangilia mavi, nenda kwa wachimbaji wa mambo ya kale.

Mama Luhaga aliutazama ule mswaki, akauweka pembeni. Vigae vilikuwa na weusi kwa ndani, na yeye na weusi hawajawahi kupatana. Akajifunga kitenge, akashuka ziwani kuchota mchanga, akaja jikoni kwangu kuomba majivu. Nami nikampa, tena nikamchekechea. Ilipofika saa saba mchana, vigae arobaini na moja vilikuwa vimepangwa juu ya turubai, vyekundu kama matofali mapya.

Daktari alipoviona alikaa chini palepale.

"Mama, ule weusi uko wapi?"

"Umetoka wote, mwanangu. Ulinisumbua kidogo, lakini umetoka."

Ndipo tulipoelezwa. Weusi ule ulikuwa ukoko wa chakula, na vigae vingine walivyokuwa wamevipata havikuwa nao. Ukipelekwa maabara unasema kilipikwa nini, na kilipikwa miaka mingapi iliyopita. Mkaa nao hupimwa umri, lakini waliokuwa wameupata haukuwafaa, maana ulichanganyika na wa wakulima wa juzijuzi. Na kibali chao cha kuchimba kilikuwa kinaisha Jumamosi. Bila ukoko wangerudi chuoni na vigae visafi visivyo na umri. Daktari hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alisema kosa ni lake kwa kutoeleza vizuri, akaenda kusimama peke yake ufukweni.

Mama Luhaga hakugusa chakula. Nikamwambia hata mimi ningesugua.

"Wewe usingesugua, nakujua," akanijibu, na alikuwa sahihi. "Nimeosha vyombo vya watu miaka thelathini, Hellen. Leo nimemharibia mtoto wa watu kazi yake. Sivuki kurudi nyumbani hivi."

Kesho yake asubuhi alikwenda shimoni bila kuitwa. Akasimama juu ya mafiga matatu waliyoyafukua wiki iliyotangulia, akayazunguka.

"Aliyepika hapa alikaa upande gani?"

"Hatujui, mama," akajibu Daktari.

"Jioni upepo hapa unatoka ziwani. Basi aliligeuzia ziwa mgongo, moshi uende zake huko juu. Na jalala lake mmeliona?"

"Tumelitafuta huku chini, kuelekea majini. Hakuna kitu."

"Huko hamlioni. Ukimwaga majivu upande upepo unakotoka, yanakurudia chunguni. Alimwaga kule juu. Na chungu kikiungua mpaka kikapasuka, nani atajisumbua kukisugua? Kinatupwa na kilichomo."

Mwanafunzi mmoja, Nathaniel, alitabasamu kwa namna iliyonifanya mchana ule nimpimie mchuzi bila nyama. Daktari hakutabasamu. Aliamuru kamba za kupimia shimo zihamishiwe kule juu.

Jumatano udongo mtupu. Alhamisi udongo mtupu, na Mama Luhaga amekaa ukingoni tangu asubuhi. Nilianza kumwombea kimoyomoyo, kisha nikaanza kumkasirikia huyo mpishi wa kale kwa kuficha takataka zake. Ijumaa saa tisa alasiri wakafikia majivu, halafu miiba ya samaki, halafu kitako cha chungu kilichopasuka, na ndani yake ukoko mnene kama kidole. Nathaniel, kwa mazoea, akakileta kwenye beseni. Mama Luhaga akarudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Peleka kwa Daktari," akasema. "Usinisogezee hapa."

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, wala sioni haya kulisema.

Majibu yalichukua miezi mitano. Daktari alipiga simu Jumapili moja baada ya ibada, tumekaa barazani, tukaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Mama, ni samaki. Walipikwa yapata miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita. Chungu chako ndicho kimetupa umri wa mahali pote pale."

Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mama Luhaga alikuwa amekunja uso.

"Samaki wote waliungua?"

"Inaonekana hivyo, mama. Chungu kizima."

"Na chungu chenyewe kikapasuka."

"Ndiyo, mama."

"Sasa watoto wake walikula nini jioni ile?"

Daktari akasema hilo maabara haiwezi kulijibu.

Mama Luhaga akafikiri. "Basi," akasema, "atakuwa alikuwa na jirani."