Marahaba iliyotangulia shikamoo

Jamani, leo shangazi yangu ameitikia marahaba kabla hajaamkiwa.

Tulirekodi salamu za harusi hapa Ukunda. Bi harusi anasalimia ukoo mzima, kisha anamwamkia shangazi, naye anaitikia.

Kila sauti niliihifadhi peke yake, nikazihamishia programu nyingine ya kompyuta.

Kufungulia, zote zikaanza pamoja. Bi harusi yuko kwenye bismillahi, shangazi keshasema marahaba.

Yaani ule ukimya wa kungoja zamu umebaki kwenye programu ya kwanza. Au nimeufuta mimi? Sielewi. Harusi ni kesho, mwenye kujua aniandikie.

Shangazi alikuwa kando yangu, anasikiliza.

"Kwani mimi nina haraka ya kuamkiwa?"

Nikamwambia, "Shikamoo, shangazi."

"Nimeshaitikia."