Mabomu ya Mbegu Ndani ya Eda

Mume wangu alizikwa alasiri, nami sikuwepo. Kwetu wanawake hatuendi mazikoni; tunabaki nyumbani na majamvi, masufuria na kilio. Jeneza lilipotoka nilisikia wanaume wakipokezana kulibeba, sauti zao zikipanda kuelekea mlimani mpaka zikamezwa na honi za bodaboda. Basi. Nikaingizwa chumbani, nikavalishwa nguo nyeupe, nikaambiwa eda imeanza.

Mimi ni mtu wa sokoni. Nauza ndizi na viungo vinavyoshuka kutoka kwetu Matombo, na tangu nipate akili zangu sijawahi kushinda ndani mchana kutwa bila kuwa mgonjwa. Sasa niliambiwa miezi minne na siku kumi. Nyumba yetu ina vyumba viwili, ukumbi, na ua mdogo uliozungushiwa ukuta wa matofali unaonizidi kimo. Uani niliruhusiwa. Ukisimama karibu na karo la kuoshea vyombo, juu ya ukuta unaona kipande cha mlima, kipande tu, na mara nyingi wingu limeshakikalia. Nilikitazama kipande kile mpaka nikakichoka.

Sikuichukia eda, naomba nieleweke. Nilimpenda mume wangu na nilitaka kumkalia. Kilichonishinda ni kulindwa. Mama mkwe alihamia kwetu kunisimamia. Ni mwanamke mwema, na nilimwogopa. Nikiegemea mlango wa mbele: "Mwanangu, rudi ndani, watu watasema." Nikicheka na binti yangu: "Punguza sauti." Nikinyamaza: "Usiwaze sana." Sauti yangu ni ya kuitia wateja kutoka upande wa pili wa soko, na kuipunguza ilikuwa kama kufunga mkanda ulionibana.

Kisha masika yakaanza, na hofu ikaniingia.

Makaburi yetu yako kwenye mteremko. Hatuyajengei, ni tuta la udongo na kibao cha mbao chenye jina la rangi. Mimi mtoto wa mlimani najua mvua ya Uluguru inalifanya nini tuta. Inalilamba usiku mmoja. Nililala nikisikia bati linavyopigwa, nikihesabu moyoni: sasa limeshuka, sasa kibao kimelala, sasa majani yameshika. Nitatoka humu na sitajua mume wangu amelala wapi. Nilishakosa kumsindikiza, nitakosa hata mahali pa kusimama.

Nikampigia shemeji yangu, dereva wa malori, ambaye baada ya arobaini alikwisharudi barabarani.

"Kaburi liko upande gani, shemeji?"

"Utaonyeshwa, shemeji yangu, usiwe na wasiwasi. Upande wa juu kule, karibu na mti."

"Mti gani?"

"Si ile miti ile!"

Nikakata simu kabla sijamtukana.

Dawa ilikuja na watoto. Binti yangu yuko darasa la nne, na klabu ya mazingira ya shuleni kwao ilikuwa imewafundisha kutengeneza mabomu ya mbegu. Siku hiyo aliingia uani na watoto wawili wa jirani, kaka na dada, wamebeba ndoo ya udongo wa kichuguu.

"Bibi, tunatengeneza mabomu."

"Mabomu? Kwenye nyumba ya msiba?" Mama mkwe alishika kifua.

Wakamweleza. Unachanganya udongo na samadi iliyooza, unatia mbegu, unafinyanga kidonge kama kababu, unakianika kivulini. Halafu unakirusha popote, huchimbi wala humwagilii. Udongo unazificha mbegu zisiliwe na ndege, mvua inafanya kazi iliyobaki. Nilisimama pale karibu na karo nikahisi kitu kinanyanyuka ndani yangu, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mvua ileile niliyoiogopa!

Mama yangu aliposhuka kutoka Matombo kuja kunitazama, nilikuwa nimemwagiza mbegu za maua ya manjano yanayoota yenyewe kingoni mwa migomba kwetu, yasiyoomba ruhusa wala maji. Alizileta zimefungwa kwenye pindo la khanga. Hakuniuliza za nini. Nikawaambia watoto: haya yatakuwa ya Baba. Mtayarusha juu ya kaburi lake, yaote, nikitoka niyaone kwa mbali. Mtoto wa kiume wa jirani alikuwapo mazikoni na baba yake, alipajua. Na kila Ijumaa babu wa wale watoto wa jirani huenda makaburini kusoma dua. Magoti hayampandishi, husimama njiani chini, lakini watoto wangeweza kupanda.

Mama mkwe hakukubali upesi. "Mwenye eda achezee udongo?" Akampigia ustadhi. Ustadhi akafikiri kidogo, akasema haramu ni manukato na kujipamba, udongo si manukato. Nikaingiza mikono kwenye ndoo mpaka viwiko.

Tulifinyanga siku kadhaa, watoto wakitoka shule. Wao walikuja na habari za nje: maji yamejaa mtoni, bajaji imezama kwenye shimo la barabara, wanafunzi wa chuo wamejazana kwa muuza chipsi. Nilizila habari zile kama mwenye njaa, na nikawaonea wivu, watoto wadogo wale, kwa sababu waliingia na kutoka bila kuulizwa na mtu. Siku moja binti yangu alichukua ndizi jikoni akaanza kuimenya peke yake mbele ya wenzake. Nilimkaripia palepale. "Hakuna kula wengine wanatazama! Moja ikitosha mmoja, igawe." Akaikata vipande vitatu, analia.

Vidonge tulivianika kwenye ungo ukumbini. Akaja mgeni kuhani msiba, mjamzito, akakaa kwenye jamvi, akatoa pole zake, na mkono wake ukawa unautembelea ungo. Kabla sijasema neno alikuwa ameshang'ata. Kidonge chekundu, kikavu, sawasawa na udongo wanaouziwa wajawazito sokoni. Alitafuna, akatulia.

"Huu wa wapi? Una vipunje."

Nilishindwa kumwambia habari ya samadi. Mama mkwe ndiye aliyemwambia, na kisha akakimbilia chumbani, na kupitia pazia nikamsikia anacheka kwa sauti aliyonikataza mimi. Toka siku hiyo nilimwogopa kidogo tu.

Ijumaa ilipofika watoto waliondoka na mfuko. Nikabaki na ukuta wangu. Walirudi miguu imejaa tope.

"Mmerusha?"

"Tumerusha yote, Mama."

"Kwa Baba?"

"Ndiyo, kwa Baba."

Kuanzia hapo mvua ikinyesha nilishukuru. Siku zilizobaki nilikaa ndani ya nyumba ile na picha moja kichwani: tuta moja la manjano katikati ya majani, nami naliendea moja kwa moja, siulizi mtu. Hiyo picha ndiyo iliyonivusha.

Eda iliisha. Nikaoga, nikavaa dera jipya, sadaka ikatolewa. Kesho yake shemeji akanisindikiza, pamoja na binti yangu na wale watoto wa jirani. Miguu yangu ilikuwa imesahau mlima. Nilihema kama bibi kizee. Tukakata kona.

Mteremko mzima ulikuwa wa manjano.

Mzima, chini mpaka juu, kuvuka njia. Kila tuta, na pale matuta yalipolambwa, kila mahali palipowahi kuwa na tuta. Vibao havikuonekana. Shemeji alipanda, akasimama, akasema ni hapa. Mtoto wa jirani akasema hapana, ni pale, kisha akageuka, hana hakika tena. Nikawageukia watoto kwa hasira.

"Niliwaambia kwa Baba! Kwa Baba peke yake!"

Binti yangu alirudi nyuma hatua, mkono usoni, akijikinga na kofi ambalo sijawahi kumpiga.

"Tulianza na Baba," alisema. "Halafu tukaona… Mama, tungempa Baba peke yake, na wenzake wanatazama?"

Nikakaa chini, pale pale kwenye majani mabichi. Nililia kilio nilichokuwa nimekipunguza miezi yote ile, na binti yangu akaja kukaa mapajani mwangu, mzito, ameshakua. Mume wangu alilala hapa au pale, sikujua, na sijui mpaka leo. Nikainuka, nikajifuta, nikawatolea salamu wote kwa pamoja, kama nilivyokuwa nikimsalimia mume wangu nikimkuta barazani na wenzake. Niliwasalimia kwa sauti yangu ya sokoni, na hakuna aliyeniambia niipunguze.